Minyoo wa Acropora: dawa humuua mnyoo, yai hulibakisha

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Maskati, nina tangi la matumbawe la lita 400, lina miaka miwili sasa. Miezi miwili iliyopita nilinunua vipande vinne vya Acropora, yale matumbawe magumu ya matawi, kwa mtu aliyekuwa anavunja tangi lake. Sasa Acropora zangu, za zamani na mpya, zinapauka kuanzia chini kwenda juu. Polipi, vile vinyama vidogo vya tumbawe, hazitoki, na nikitazama kwa karibu naona madoa meupe ya mviringo. Maji nimepima: joto 26, chumvi 35, alkali 8.2, kalisi 420, nitrati 5, fosfati 0.05. Muuza duka kaniambia ni vidudu, akaniuzia vidonge vya kutia tangini. Mjomba wangu anafuga mbuzi, anasema dawa yao ya minyoo inatosha. Tena kuna vianemoni vya kahawia, vijiumbe laini vyenye mikono kama ua, kwenye mawe; nilivikata kwa kisu, sasa vimejaa kila mahali. Mke wangu amechoka, anasema nitoe mawe yote, niyachemshe, nianze upya. Nishike lipi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na pole. Nitaanza na shauri la mkeo, maana hilo lina hatari kuliko vidudu vyote vilivyomo tangini. Msichemshe jiwe hata moja. Tangi la miaka miwili mara nyingi halikosi zoanthidi mahali fulani, wale polipi wa rangi rangi wanaotandaa juu ya jiwe kama vifungo vilivyomwagwa. Baadhi yao, hasa jamii ya Palythoa, wamebeba palitoksini, sumu ambayo ni katika sumu kali kabisa zinazotoka baharini. Huko Hana, kisiwani Maui, Hawaii, wazee walikuwa na habari za “mwani” wa dimbwi moja ambao ukipakwa kwenye ncha ya mkuki, aliyechomwa haponi. Wanakemia Moore na Scheuer walipotangaza sumu yenyewe mwaka 1971, ikajulikana kuwa ule haukuwa mwani, ni Palythoa. Sasa chukua jiwe lenye viumbe hao, litie sufuriani, washa jiko: mvuke unaingia mapafuni. Ulaya na Marekani zimelazwa familia nzima kwa kosa hilihili la kusafisha mawe kwa maji ya moto. Hata kuyasugua kwa brashi mkono mtupu si kazi ya kufanya. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho kila unapogusa zoanthidi, na mwambie mama watoto kwamba tangi halihitaji kuanzwa upya.

La pili ni ile pakiti ya dukani. Isome. Kama imeandikwa milbemycin, hiyo ni dawa ya minyoo ya moyo ya mbwa. Wafugaji wa matumbawe huitumia, kweli, lakini kwa mdudu mwingine kabisa: kijidudu chekundu cha Acropora, Tegastes acroporanus, ambaye ni jamii ya kopepodi, mdogo wa nusu milimita, mwili wa manjano na doa jekundu. Dawa hiyo huwamaliza kwa sababu ni ndugu wa kamba na kaa, na kwa sababu hiyohiyo huwamaliza kamba na kaa wako pia. Minyoo bapa, ambao ndio ninaowashuku kwako, haiwafanyi kitu. Ungeitia jana, leo ungekuwa na tangi lisilo na kamba hata mmoja, na Acropora zingeendelea kuliwa vilevile.

Dawa ya mbuzi ya mjomba si upuuzi. Levamisoli kweli hupooza minyoo bapa, na watu huitumia kwa kuogeshea matumbawe. Tatizo ni kwamba chupa nyingi za mbuzi si levamisoli peke yake. Huchanganywa na dawa ya minyoo ya ini na vitu vya kuifanya iteleze kooni mwa mnyama, na hivyo vyote havikukusudiwa kwa maji ya bahari. Mshukuru mjomba, chupa ibaki zizini.

Sasa tuje kwenye maradhi yenyewe. Vipimo vyako ni vizuri, tena hilo ni ushahidi. Acropora inayokufa kwa sababu ya maji, kwa mfano alkali iliyopanda na kushuka ghafla, nyama yake huambuka yote kama karatasi iliyolowa, mfupa mweupe ukabaki, na mara nyingi ni suala la siku au hata saa. Yako inafifia taratibu, kutoka chini, na ina madoa ya duara. Madoa hayo ni alama za mdomo. Mnyoo bapa hula kwa kutoa koo lake nje, analibandika kwenye nyama na kuifyonza, na anapoondoka huacha duara lililopauka. Huanzia chini na kwenye kivuli kwa sababu mchana hapendi kuonekana. Ukiongeza kwamba ulileta vipande vinne kutoka tangi la mtu mwingine miezi miwili nyuma, mimi tayari nina mshukiwa.

Lakini usitibu kwa kushuku. Tafuta lile bomba la plastiki lenye kipira cha kubonyeza ambalo wapishi humwagia mchuzi juu ya nyama. Taa zikizimwa, subiri saa moja, chukua tochi, toa tawi moja lililoathirika ulitie kwenye bakuli jeupe lenye maji ya tangi, kisha ulipulizie kwa nguvu kutoka chini kwenda juu. Tazama kinachoanguka. Mnyoo mwenyewe ni wa mviringo mrefu, bapa kama ganda la tikitimaji lililokwanguliwa, urefu wake milimita chache tu. Akibanduka hujikunja na kuelea, akitua huanza kutambaa. Akiwa juu ya tawi huwezi kumwona hata ukimkodolea, kwani mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya Acropora humbakia tumboni, naye anatoka na rangi ileile ya alichokula. Acropora ya kahawia ina mnyoo wa kahawia. Mwizi kavaa kanzu ya mwenye nyumba.

Wafugaji walipigana naye kwa miaka kabla sayansi haijampa jina. Alielezwa mwaka 2011 kwa vielelezo vilivyotoka kwenye matangi, akaitwa Amakusaplana acroporae, na mwaka uliofuata ndipo ilipochapishwa ripoti ya kwanza ya kuonekana kwake baharini, kwenye Mwamba Mkuu wa Australia. Siku hizi amehamishiwa jenasi ya Prosthiostomum. Nakutajia majina yote mawili kwa sababu ukitafuta habari zake utayakuta yote, usidhani ni wawili.

Kama kilichoanguka ni cheupe, chenye manyoya mgongoni kama brashi ndogo, huyo ni koa wa Montipora (jamii nyingine ya tumbawe gumu), Phestilla subodiosa, aliyepata jina mwaka 2020 tu. Yeye hali Acropora, hivyo ukimkuta una shughuli mbili. Na kama umeona kiti cha pweza kidogo chenye ukubwa wa ukucha kikitembea kwenye kioo, au mnyoo mwenye nywele kama kiwavi akichungulia mwambani usiku, waache. Karibu wote ni wafagizi. Watu huwalaumu kwa sababu ndio wanaoonekana kwenye maiti, kama kunguru.

Sasa mayai. Hapa ndipo watu wanapopoteza matangi, kwa hiyo nisomee polepole.

Mnyoo huyu hatagi juu ya nyama hai. Hutaga kwenye mfupa mtupu, palepale mpakani nyama inapoishia: chini ya tawi, kwenye kovu la zamani, kwenye kitako ambacho kipande kilibandikwa. Utaona vidoa vya rangi ya dhahabu au kahawia vimepangwa pamoja kama ufuta uliogandia kwenye mkate. Kila kimoja ni kifuko chenye viinitete zaidi ya kimoja. Ukuta wa kifuko ni mgumu, umebandikwa kama kwa simenti, na hakuna dawa ya kuogeshea ninayoiamini kuupenya. Iodini haiupenyi. Mafuta ya mimea yaliyomo kwenye dawa nyingi za dukani hayaupenyi. Levamisoli vivyo hivyo. Utaogesha leo, minyoo wataanguka kumi, utafurahi, na baada ya siku kadhaa mayai yataanguliwa kana kwamba hukufanya lolote.

Mimi hili nililijua kwa kusoma, na bado nikalikosea. Miaka ya mwanzo nilikuwa na Acropora ya buluu niliyoilea kutoka kidole kimoja mpaka ikajaa viganja viwili. Niliposhikwa na minyoo niliiogesha vizuri, wiki ya kwanza nikahesabu minyoo arobaini na kitu. Wiki ya pili sita. Wiki ya tatu hakuna. Nikasema alhamdulillahi, nikairudisha tangini na kitako chake kilekile, maana ilikuwa imekishika vizuri na sikutaka kuivunja. Wiki ya tano ilikuwa nyeupe mpaka nusu. Nilipogeuza kitako, upande wa chini ulikuwa umejaa vifuko vitupu vilivyopasuka. Kile kitako cha udongo, kitu cha bei ya andazi, ndicho kilichonimalizia tumbawe la miaka minne.

Kwa hiyo kazi ina nusu mbili, na dawa ni ndogo kuliko zote mbili. Nusu ya kwanza ni kuondoa mfupa mtupu wote. Nusu ya pili ni kuhesabu siku.

Tafuta tangi la pembeni, lita 60 hadi 80 linatosha. Lisiwe na mchanga wala mawe, liwe na hita, pampu ya kusukuma maji, taa ya kadiri, na kichanja cha plastiki cha kuwekea vipande. Lijaze kwa maji ya tangi kubwa ili matumbawe yasishtuke. Kisha toa Acropora zote. Nasema zote, na ile inayopendeza bila doa lolote ikiwamo, kwa sababu mnyoo huyu anaishi kwa Acropora peke yake, na moja ukiiacha ndiyo itakayokuwa nyumba ya wageni. Montipora, zoanthidi, matumbawe laini na mengine yote yakae yalipo.

Acropora zilizokwisha kushikana na mwamba ndizo zitakazokuuma. Usijaribu kuzibandua nzima. Chukua koleo la kukatia, kata tawi juu ya mpaka wa nyama nzuri, sentimita moja au mbili ndani ya sehemu hai, kipande cha juu ukichukue na cha chini ukiache kwenye mwamba kama hasara. Kile kisiki kilichobaki kifunike chote kwa udongo wa epoksi wa chini ya maji, pasibaki tundu. Chochote kilichotagwa pale kitaanguliwa ndani ya kaburi. Vipande vyenye vitako, ng'oa kitako ukitupe, na kama nyama imekishika, kata juu yake. Ukiona ufuta wa dhahabu popote kwenye tawi, usiukwangue na kuamini umekwisha, kata hapo. Kisha bandika kila kipande kwenye kitako kipya kwa supaglu ya jeli, uhakikishe gundi imefunika mfupa wote ulio wazi hadi kwenye nyama. Mnyoo akikosa mfupa mtupu, amekosa pa kutagia. Gundi hiyo ni dawa kuliko dawa.

Utajikuta na vipande ishirini mahali palipokuwa na miti kumi na moja. Usihuzunike. Acropora hukua, na ncha nzima iliyokatwa mapema ina nafuu kuliko mti mkubwa unaoliwa.

Siku ya kuogesha panga ndoo tatu. Ya kwanza ina maji ya tangi na dawa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, wala usiongeze “kidogo tu” kwa hasira. Ukipata dawa ya kuogeshea matumbawe yenye iodini au mafuta ya mimea, inafaa. Ya pili na ya tatu ni maji ya tangi matupu ya kusuuzia. Zote ziwe na joto lilelile la tangi. Kwenu Maskati ndoo ikikaa varandani dakika kumi mwezi wa Juni imeshakuwa chai, basi fanyia kazi ndani kwenye kiyoyozi. Kabla ya kuogesha vyote, jaribu kipande kimoja usichokipenda sana, ukingoje hadi kesho yake. Kisha ogesha vilivyobaki dakika zilizoandikwa, mara nyingi ni kama 10, na muda wote huo usikae tu. Pulizia kwa lile bomba kila upande wa kila tawi, tena na tena. Dawa humlegeza mnyoo, mpulizo ndio unaomwangusha. Watu wengi huvitia vipande ndooni wakaenda kunywa kahawa, wakirudi minyoo wamelewa lakini bado wameshika.

Wakati vipande vimo ndooni, tangi la pembeni nalo lifanyie usafi: futa vioo, toa kichanja ukisuuze kwa maji baridi ya bomba na ukiache kikauke, badilisha sehemu kubwa ya maji. Mnyoo wa bahari hastahimili maji matamu. Acropora yako haistahimili pia, kwa hiyo usije ukapata wazo la kuiogesha kwa maji ya bomba. Wapo wanaofanya hivyo kwa matumbawe magumu zaidi, kwa Acropora ni kuichinja.

Halafu siku. Mayai huanguliwa baada ya siku kumi na kitu hadi wiki tatu, na joto ndilo linaloamua: maji yakiwa na joto zaidi huharakisha, yakipoa huchelewesha. Aliyetoka kwenye yai hatagi kesho yake, anahitaji wiki kadhaa za kula kwanza. Ndani ya nafasi hiyo ndimo utakamompatia. Ukiogesha kila wiki, kila atakayeanguliwa utamkuta akiwa bado mtoto, hajaacha yai jipya nyuma yake. Ogesha siku ya kwanza, kisha kila baada ya siku 7, mpaka siku ya 43. Ni mara saba. Wahenga walisema za mwizi arobaini, na kwa mnyoo huyu hesabu yao imekaribia sana. Mimi namwongezea siku tatu za heshima. Usipandishe joto ukidhani utafupisha kazi. Ulipo kwenye 26 pabaki 26, maana Acropora iliyodhoofika ikipata joto hupauka kwa sababu nyingine kabisa na utashindwa kujua nani kaua.

Kuwa na daftari. Andika tarehe na idadi ya minyoo walioanguka ndooni kila mara. Nakwambia mapema ili usivunjike moyo: hesabu haitashuka kama ngazi. Itashuka ghafla, itafika sifuri au karibu na sifuri, halafu pengine wiki ya tatu au ya nne itapanda tena kidogo. Hao ni waliokuwa kwenye mayai uliyoyakosa. Ndipo wengi hukata tamaa wakidhani dawa imeshindwa, au hubadilisha dawa, na hali ndiyo kwanza inaanza kufanya kazi. Na sifuri ya kwanza ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ndiyo iliyonidanganya mimi. Ukipata sifuri mara tatu mfululizo ndani ya ratiba, vizuri. Ukimwona hata mmoja siku ya 43, anza tena kuhesabu wiki tatu.

Katika muda huo vipande vitachukia. Rangi itafifia, polipi zitajikunja siku moja au mbili baada ya kila kuogeshwa. Taa ipunguze kidogo wiki ya kwanza, alkali ishike palepale kwenye 8 na kitu bila kuyumba, pampu iwe na nguvu. Kipande ambacho kimepoteza zaidi ya nusu ya nyama yake huenda kikafa, na mara nyingine ni afadhali ukate ncha iliyobaki nzima, hata ikiwa ya sentimita mbili, kuliko kuubeba mti mzima unaooza. Na katika siku hizo usimpe mtu kipande chochote, hata rafiki aliyekuja kukupa pole.

Maji yaliyotumika kuogeshea usiyamwage kwenye mtaro wa barabarani. Unakaa mji wenye bahari mlangoni, na visiwa vya Daymaniyat haviko mbali, navyo vina Acropora zao. Mnyoo aliyepata umaarufu kwenye matangi ya watu hana sababu ya kupelekwa matembezi kwenye mwamba wa kweli. Tia dawa ya kuulia vijidudu yenye klorini ndani ya ndoo, iache usiku, kisha mwaga kwenye choo cha ndani. Vitako ulivyong'oa na vipande vibovu ulivyokata vianike juani mpaka vikauke kabisa, jua lenu halina mchezo, ndipo uvitupe na takataka.

Sasa vile vianemoni vyako. Ni Aiptasia, na kisu ndicho kilichovizalisha. Kila kipande cha mguu kilichobaki kwenye jiwe, hata kama ni kidogo kama nukta, kinajijenga kuwa anemoni kamili. Kwa hakika yenyewe huzaana hivyo bila msaada wako, hujivuta polepole na kuacha vipande nyuma. Ulikuwa unapanda mbegu. Dawa yake ni chokaa. Si ile ya kupaka ukuta iliyochanganywa na mambo mengine, ni kalsiamu hidroksidi safi inayouzwa kwa ajili ya chakula au ya akwariamu. Ikoroge na maji yaliyochujwa mpaka iwe kama uji mzito, ivute kwa bomba la sindano, zima pampu zote, sogea taratibu bila kuitingisha, na uimiminie mdomoni. Itafunga mikono juu ya chokaa kama inakula. Subiri robo saa kabla ya kuwasha pampu. Usifanye zaidi ya tano au sita kwa siku, maana chokaa hupandisha pH ya maji, na vaa miwani kwa sababu huunguza. Babu zetu wa Unguja walichoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea nyumba. Nawe unatumia chokaa kulinda matumbawe. Mzee wangu mmoja wa Chwaka nilipomweleza alicheka mpaka akakohoa.

Kama Aiptasia ni nyingi mno, kuna koa mdogo aitwaye Berghia ambaye hali kitu kingine duniani ila hiyo. Nunua wengi kwa pamoja, watie usiku, na usitarajie kuwaona. Wakishaimaliza hufa kwa njaa, kwa hiyo wengi huwapa rafiki kabla ya hapo. Ila kama unafuata ushauri wangu wa samaki hapa chini, sahau Berghia, kwani samaki haohao watawafanya kitafunwa. Kamba wa Lysmata wurdemanni pia hula Aiptasia, wengine kwa bidii, wengine kwa uvivu. Angalia usiuziwe Rhynchocinetes, yule mwenye mistari myeupe na nundu mgongoni, ambao wauzaji huwachanganya. Huyo atakulia polipi zako.

Kuhusu samaki, hukuniuliza lakini utaambiwa na kila mtu. Halichoeres chrysus, yule wa manjano kama limau, na Pseudocheilinus hexataenia wa mistari sita, ambaye kwetu pwani anaishi kwenye mwamba kama raia, wote hudonoa minyoo mchana kutwa. Ni kweli. Baharini kazi hii ya wala wadudu ni kubwa kuliko tunavyofikiri. Watafiti wa miamba ya Kenya walionyesha kwamba samaki aina ya kikande wakivuliwa mno, viumbe wenye miiba wa baharini wanaoliwa nao huongezeka na kuutafuna mwamba. Lakini samaki hawa hawagusi mayai, na hawafiki chini ya tawi lililobana. Ukiwatia sasa, watapunguza minyoo kiasi cha wewe kutoiona, Acropora zikaendelea kuisha kimya kimya kwa mwaka mzima. Mimi huwatia baada ya matibabu, kama walinzi. Huyo wa manjano anahitaji mchanga wa kujifukia usiku, na tangi liwe na kifuniko cha wavu, kwani huruka.

Tangi kubwa lenyewe likae bila Acropora hata moja. Mimi huliacha wiki 8 tangu siku niliyotoa tawi la mwisho, ili kila yai lililobaki kwenye mwamba lianguliwe na anayetoka asikute chakula. Kwa hiyo hata vipande vyako vikimaliza siku zao 43, vikae palepale pembeni wiki mbili zaidi. Usilivunje tangi hilo dogo baadaye. Ndilo mlango wa kila tumbawe utakalonunua tangu sasa: kitako kinang'olewa siku hiyohiyo, kuogeshwa kila wiki, wiki 6 kabla ya kugusa maji ya tangi kubwa, hata kama muuzaji ni ndugu yako wa damu na anaapa.

Siku ya kurudisha, usirudishe vyote. Chagua kipande kimoja cha bei rahisi, kiweke mbele karibu na kioo mahali ambapo mkono unafika, na kila Alhamisi usiku kitoe, ukipulizie juu ya bakuli jeupe. Ikipita Alhamisi ya nne bakuli likiwa safi, rudisha vilivyobaki.